Anwani ya Kuazima: Istilahi na Mafunzo ya Mitandao ya Kompyuta Lodwar na Kakuma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ya kueleza kwa Kiswahili utaratibu unaoiwezesha kompyuta kupata anwani ya IP pasipo mtu kuiandika kwa mkono, hasa pale ambapo kompyuta hiyo ina kadi za mtandao zaidi ya moja. Mazingira yanayorejelewa ni Lodwar na Kakuma katika Kaunti ya Turkana, Kenya. Hoja kuu ni kwamba mara nyingi mwanafunzi hukwama si kwa kukosa istilahi, bali kwa kupewa istilahi inayobeba uhusiano usio sahihi. Makala yanapendekeza kwamba anwani ya aina hii isielezwe kuwa ya kugawiwa wala ya kupanga, bali ya kuazima; na kwamba isemwe wazi kuwa ni ya kadi, si ya kompyuta.

1.0 Utangulizi

Istilahi za kompyuta zimejadiliwa na wataalamu wa Kiswahili kwa miongo kadhaa sasa. Mwanafunzi wa Kenya amezoea kusoma tarakilishi, mwenzake wa Tanzania husema kompyuta, na wamekuwapo waliopendelea ngamizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na mwaka uo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa lugha hii. Juhudi hizo zilileta faida isiyoweza kupuuzwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mijadala hiyo ilihusu majina ya vitu: kitu hiki kiitweje? Swali lililoulizwa kwa nadra ni la vitendo: jambo hili linatendwa na nani, linatendewa nani, na kwa masharti gani? Katika taaluma ya mitandao swali hili la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu mtandao ni mfululizo wa maombi na majibu baina ya mashine. Jina zuri la kitu halitamsaidia mwanafunzi ikiwa kitenzi kinachoandamana nalo kinampotosha.

Makala haya yanalichukua suala moja tu, yaani itifaki ya DHCP, ambayo ndiyo inayoiwezesha kompyuta kujipatia anwani. Itifaki hiyo ilielezwa katika waraka wa kiufundi uitwao RFC 2131 uliotolewa Machi 1997, na hadi leo inatumika katika shule, afisi, mikahawa na simu za mkononi kote ulimwenguni.

2.0 Mazingira: Lodwar, Kakuma na Lugha ya Maelezo

Lodwar ni mji ulio kando ya mto Turkwel, na ndio makao makuu ya Kaunti ya Turkana tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Kakuma iko yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, kando ya mto Tarach ambao hujaa maji kwa msimu. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa karibu nayo mwaka 2016. Sehemu hizo mbili zina wakazi zaidi ya 200,000, waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan, Uganda na Rwanda.

Katika mazingira hayo Kiswahili kina nafasi ya pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Aliyetoka Bukavu au Uvira hufika akiwa na Kiswahili chake kilichokaa pamoja na Kifaransa. Aliyetoka Juba au Mogadishu hujifunza Kiswahili akiwa papo hapo, shuleni na sokoni. Mturkana wa Lodwar naye hukitumia anapokutana na wageni hao wote. Kwa hiyo Kiswahili ndicho mara nyingi huwa daraja baina ya watu wasioshiriki lugha nyingine.

Chukulia chumba cha mafunzo kilichoko Kakuma, chenye kompyuta ishirini. Huduma ya intaneti inaingia chumbani kupitia kompyuta moja yenye kadi mbili za mtandao. Kadi ya kwanza imeunganishwa na kifaa cha mtoa huduma, kiwe cha setilaiti au cha mnara wa simu. Kadi ya pili imeunganishwa na swichi ambayo kebo za kompyuta nyingine zote zinafika kwake. Mpangilio wa mashine hii moja ukiharibika, chumba kizima hukatika. Anayesubiri kutuma maombi ya ufadhili wa masomo kabla ya saa sita usiku hukosa nafasi, na hakuna atakayemfungulia dirisha kesho yake.

Chukulia tena kwamba fundi yuko Lodwar na mwalimu anayekitunza chumba yuko Kakuma. Maelezo yatatolewa kwa simu, na yatatolewa kwa Kiswahili. Fundi hawezi kuonyesha kwa kidole wala kushika kebo. Ana maneno tu. Hapo ndipo ubora wa istilahi unapojaribiwa, kwani neno moja lenye utata laweza kumfanya mwalimu achomoe kebo isiyofaa.

3.0 Anwani Ni ya Nani?

Katika matumizi ya kawaida, anwani ni ya mtu, nyumba au taasisi. Mwanafunzi anaposikia "anwani ya kompyuta" hudhani moja kwa moja kwamba kompyuta moja ina anwani moja. Dhana hiyo haileti madhara panapokuwa na kadi moja. Penye kadi mbili, dhana yenyewe ndiyo chanzo cha kosa. Anwani ya IP huwekwa kwenye kadi ya mtandao, na kompyuta yenye kadi mbili huwa na anwani mbili, kila moja ikitambulika upande wake.

Mfano ulio karibu na msomaji ni wa sanduku la posta. Taasisi moja yaweza kuwa na S.L.P. katika mji wa Lodwar na S.L.P. nyingine Kakuma. Taasisi ni ile ile, lakini barua iliyotumwa kwa sanduku la Lodwar haitakutwa katika sanduku la Kakuma. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta yenye kadi mbili. Kipakatalishi cha kawaida pia kina sifa hii, kwa kuwa aghalabu huwa na kadi ya kebo na kadi isiyotumia waya, na kila moja huomba anwani yake.

Neno "kadi" nalo linahitaji uangalifu. Kambini, kadi ni kitu kinachothibitisha haki ya mtu ya kupata mgao. Mwalimu anayeanza somo kwa kusema "kila kompyuta ina kadi" huenda akaeleweka tofauti. Ni afadhali aanze kwa kuonyesha tundu ambamo kebo huchomekwa, na vitaa viwili vidogo vinavyowaka kando yake, ndipo alitaje jina.

Kila kadi hutoka kiwandani ikiwa na utambulisho wake wenye biti 48, ambao huandikwa kwa tarakimu na herufi kumi na mbili katika jozi sita. Huu si anwani ya IP, na wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Kwa mwanafunzi wa jamii ya wafugaji, utambulisho huo waweza kuelezwa kuwa ni kama alama inayotiwa mnyama. Ng'ombe akihamishwa kutoka malisho moja hadi mengine, alama yake huenda naye. Kinachobadilika ni mahali anapopatikana. Alama ya kadi ni ya mnyama, na anwani ya IP ni ya malisho. Mfano huu una mpaka wake: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu nyingi hubuni alama tofauti kwa kila mtandao zinakojiunga, ili zisifuatiliwe kwa urahisi.

Anwani ya IP ya toleo la nne huandikwa kwa nambari nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila nambari ikiwa kati ya 0 na 255. Jumla ya anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296, idadi ambayo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani. Anwani za hadharani kwa bara la Afrika husimamiwa na AFRINIC, shirika lenye makao nchini Mauritius lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kwa matumizi ya ndani, mafungu maalumu yalitengwa mwaka 1996, likiwamo lile linaloanza na 192.168. Mafungu hayo hutumiwa tena na tena mahali pengi, kama vile Nairobi na Nakuru zinavyoweza kuwa na barabara zenye jina la Kenyatta pasipo msafiri kupotea, mradi ajue yuko mji gani.

4.0 Kugawa, Kupangisha, Kukopesha au Kuazima?

Seva ya DHCP ina akiba ya anwani. Kadi ikiomba, seva huipa anwani moja kwa muda uliowekwa. Muda ukiisha bila kadi kuomba nyongeza, anwani hurudi katika akiba na yaweza kupewa kadi nyingine. Kitenzi gani cha Kiswahili kinabeba uhusiano huu?

Kitenzi kinachojitokeza kwanza ni "kugawa". Kakuma neno mgao linaeleweka na kila mtu. Hata baada ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kuanzisha mpango wa Bamba Chakula mwaka 2015, ambapo sehemu ya msaada ilitumwa kwa njia ya simu ili mtu ajinunulie kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, dhana ya mgao ilibaki. Lakini mgao haurudishwi. Unga uliopokewa hupikwa, ukaliwa, ukaisha. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba anwani "imegawiwa" kompyuta hatashangaa anwani ikikaa hapo milele, wala hataelewa kwa nini leo ni nyingine.

Kitenzi cha pili ni "kupangisha" au "kukodisha". Istilahi ya Kiingereza inayotumika katika itifaki hii hutoka katika mikataba ya nyumba na ardhi, na kwa hiyo mfasiri huvutwa upande huo. Kilicho sahihi hapa ni muda na mkataba. Kisicho sahihi ni malipo. Mpangaji hulipa kodi, ilhali kadi hailipi chochote. Swali la "nani hulipa?" huzuka darasani na kulipotezea somo mwelekeo.

Kitenzi cha tatu ni "kukopesha". Anayekopa kibaba cha sukari hurudisha kibaba kingine cha sukari, si chembe zile zile. Kinachorudishwa ni mfano wa kilichochukuliwa. Anwani haiko hivyo, kwani inayorudi akibani ni ile ile iliyotoka.

Kitenzi cha nne ni "kuazima". Anayeazima jembe hulitumia kwa muda, hulirudisha lile lile, na halipi. Akitaka kuendelea nalo, huomba aongezewe siku. Mwenye jembe hubaki kuwa mwenyewe muda wote. Sifa hizi nne, yaani muda, kurudishwa kwa kitu chenyewe, kutokuwapo kwa malipo, na haki ya kuomba nyongeza, ndizo zilizomo katika DHCP. Mfano bora zaidi kwa wanachuo ni maktaba. Kitabu huazimwa kwa siku zilizopangwa, jina la aliyekichukua huandikwa, tarehe ya kurudisha hugongwa muhuri, na anayekihitaji zaidi huomba kuongezewa muda kabla tarehe haijafika.

Pana tatizo moja la kimofolojia. Kuazima hutumika kwa pande zote mbili: mtu huazima kitabu kwa mwenzake, na mwenzake humwazima kitabu. Katika mtandao pande hizo sharti zitofautishwe. Kiswahili kina njia ya kufanya hivyo kupitia unyambuaji. Kadi huazima, seva huazimisha. Seva basi yaweza kuitwa mwazimishaji, na kadi ikaitwa mwombaji. Tahadhari nyingine ni kwamba nomino isiundwe kwa namna itakayogongana na "azimio", neno ambalo tayari lina maana ya uamuzi uliokatwa. Inatosha kusema "anwani ya kuazima" na "muda wa kuazima".

5.0 Mazungumzo ya Hatua Nne

Kadi inapowashwa haina anwani na haijui nani anazo. Mazungumzo yake na seva hupitia hatua nne, ambazo zaweza kuelezwa kwa vitenzi vinne vya Kiswahili.

Kwanza, kadi huulizia. Hutoa tangazo kwa wote walio upande wake: je, yuko mwenye anwani ya kuazimisha? Pili, seva hupendekeza. Hutaja anwani moja kutoka akibani, muda wake, na maelezo mengine ya lazima. Tatu, kadi huomba. Kwa kuwa huenda seva zaidi ya moja zikajibu, kadi hutaja waziwazi pendekezo lililokubaliwa ili seva nyingine zirudishe za kwao. Nne, seva huthibitisha, huandika daftarini, na anwani huanza kutumika.

Muda wa kuazima ukifika nusu, kadi huiomba seva ile ile nyongeza. Isipojibiwa, ikifika sehemu saba kwa nane za muda, huomba kwa seva yoyote itakayosikia. Kwa muda wa saa mbili, ombi la kwanza hutolewa baada ya saa moja, na la pili baada ya saa moja na dakika 45. Muda ukiisha bila jibu, kadi haina budi kuiacha anwani hiyo.

Jambo la kukaziwa ni kwamba lile tangazo la kwanza husikika upande mmoja tu. Halivuki ruta kwenda mtandao mwingine, isipokuwa pawe na kifaa kilichopangwa mahususi kulipokeza. Kutokana na hilo, kompyuta yenye kadi mbili hufanya mazungumzo mawili yaliyotengana. Kadi ya nje huulizia nje, kadi ya ndani huulizia ndani, na jibu la upande mmoja halihusu upande wa pili. Mwanafunzi akilielewa hili, mengi yanayofuata humfungukia.

6.0 Lango Kuu Moja

Pamoja na anwani, seva hutoa maelezo ya lango kuu, yaani mahali pa kupelekea kila kitu ambacho njia yake haijulikani. Kwa kompyuta yenye kadi moja, lango kuu ni moja. Kadi zikiwa mbili na zote zikiazima, kompyuta huambiwa malango makuu mawili, na hapo ndipo mkanganyiko huanza.

Lodwar yenyewe ni mfano mzuri. Kutoka Lodwar barabara kuu huenda kusini hadi Kitale, na upande mwingine huenda Kakuma na kuendelea hadi Lokichoggio. Msafiri anayekwenda Kakuma huambiwa ashike njia ya Kakuma. Msafiri mwingine yeyote anayekwenda mbali, iwe Nakuru, Nairobi au Mombasa, huambiwa jambo moja tu: shika njia ya Kitale. Njia ya Kitale ndiyo lango kuu la Lodwar. Mtu akibandika kibao cha "Nairobi na kwingineko" katika barabara zote mbili, baadhi ya magari yatafika na mengine yataishia mpakani.

Kompyuta hutatua suala hili kwa kuipa kila njia nambari, ambayo hapa yaweza kuitwa uzito wa njia. Njia yenye uzito mdogo ndiyo hupendelewa. Mifumo mingi huweka uzito huo yenyewe, na kwa kawaida kadi ya kebo hupata uzito mdogo kuliko kadi isiyotumia waya. Lakini uzito huo hauelezi ni kadi ipi yenye intaneti. Kadi ya kebo iliyoungwa na swichi isiyofika popote yaweza kupendelewa kuliko kadi isiyotumia waya iliyo na huduma kamili. Matokeo yake ni kompyuta yenye anwani mbili sahihi na isiyofungua ukurasa wowote.

Kutokana na hayo, kanuni mbili zapaswa kutofautishwa. Ikiwa kadi zote mbili zinaelekea nje, kwa mfano moja kwa setilaiti na nyingine kwa mnara wa simu, zote zaweza kuazima, lakini msimamizi aweke uzito kwa mkono ili mojawapo iwe kuu na nyingine iwe ya akiba. Ikiwa kadi moja inaelekea nje na nyingine ndani, kama ilivyo katika chumba cha Kakuma, kadi ya nje pekee ndiyo iwe na lango kuu. Kadi ya ndani haipewi lango lolote, kwa sababu yenyewe ndiyo lango la wengine.

7.0 Mpangilio wa Chumba

Chumba kile cha kompyuta ishirini chaweza sasa kupangwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua kadi. Katika Windows amri ya ipconfig /all huonyesha kila kadi, alama yake na anwani yake. Katika Linux hutumika ip addr. Kebo moja ichomolewe na amri irudiwe. Kadi iliyopotewa na muunganisho ndiyo yenye kebo hiyo. Kadi zipewe majina ya "nje" na "ndani", na karatasi ibandikwe nyuma ya mashine.

Hatua ya pili ni kadi ya nje. Hii iachwe iazime, kwa kuwa mtoa huduma ndiye mwenye anwani za upande huo.

Hatua ya tatu ni kadi ya ndani. Hii isiazime. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo, na msemo huo unafaa hapa kwa namna ya pekee. Mwazimishaji wa wengine hawezi kutegemea cha kuazima, kwani kikibadilika, wote wanaomtegemea hupotea. Kadi ya ndani iandikiwe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.10.1, pamoja na kipimo cha 255.255.255.0, kinachoonyesha kwamba nambari tatu za kwanza hutaja mtandao na ya mwisho hutaja kadi. Kiangaliwe pia kifaa cha mtoa huduma. Ikiwa upande wa nje unatumia fungu la 192.168.10, la ndani libadilishwe. Koo mbili zikiwa na jina moja, kompyuta haitajua mgeni ni wa ukoo upi.

Hatua ya nne ni kuweka seva ya DHCP na kuifunga upande wa ndani tu. Katika programu ya dnsmasq inayotumika katika Linux, mistari mitatu yatosha, eth1 ikiwa ndiyo kadi ya ndani:

interface=eth1
bind-interfaces
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.199,2h

Mstari wa kwanza hutaja kadi ya kusikilizia. Wa pili huizuia programu kujifunga na kadi nyingine. Wa tatu hutaja anwani ya kwanza na ya mwisho katika akiba, jumla yake ikiwa 150, na muda wa kuazima wa saa mbili. Muda mfupi kama huu wafaa mahali ambapo watu wengi hupita na simu zao, kwani anwani za waliokwisha kuondoka hurudi upesi. Mahali penye kompyuta zile zile kila siku, muda wa siku kadhaa haudhuru.

Kuifunga seva upande wa ndani si jambo dogo. Seva ikijibu pia kupitia kadi ya nje, itawaazimisha majirani anwani zisizowafaa na kuwaelekeza lango lisilowafikisha. Afisi ya jirani itakatika, na chanzo hakitaonekana kwa urahisi, kwa sababu chumba chenyewe kitaendelea kufanya kazi vizuri.

Hatua ya tano ni kuiruhusu kompyuta kupitisha data kutoka kadi ya ndani hadi ya nje, na kuziandika upya anwani za ndani zionekane nje kama anwani moja ya kadi ya nje. Bila hatua hii kompyuta ishirini zitapata anwani, zitaonana zenyewe kwa zenyewe, na hazitatoka.

8.0 Dalili na Maana Zake

Lugha sahihi huonyesha faida yake siku ya hitilafu. Chukulia kwamba umeme umekatika Kakuma na kurudi, na kompyuta zote zimewaka pamoja. Intaneti hakuna. Mwalimu anampigia fundi aliyeko Lodwar.

"Mwalimu, kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi yeyote. Imeazima anwani gani?"

"Inaanza na 169.254."

"Basi haikuazima. Hiyo imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu. Nenda sasa kwenye mashine kuu. Kadi ya ndani ina anwani gani?"

"Kadi ya ndani haina kitu. Ya nje ina 192.168.10.1."

"Kebo ziko sawa?"

"Ziko vile vile, kama karatasi inavyosema."

"Basi majina ya kadi yamebadilishana ilipowaka. Anwani ya mwazimishaji imekaa kwenye kadi isiyo yake. Usichomoe kitu."

Mazungumzo haya ni ya kubuni, lakini kila kauli yake ni ya kweli kiufundi. Anwani inayoanza na 169.254 hutokana na kanuni iliyoandikwa rasmi mwaka 2005, inayoiruhusu kadi kujipa anwani pale ambapo hakuna seva iliyojibu. Ni dalili ya ukimya, si ya kuharibika kwa kompyuta ya mwanafunzi. Majina ya kadi kubadilishana baada ya kuwasha upya lilikuwa tatizo lililojulikana katika Linux, na ndiyo sababu mifumo ya siku hizi huzipa kadi majina kulingana na mahali zilipochomekwa. Ushauri ni kuufunga mpangilio na alama ya kadi, si na jina la mpangilio wa kuwaka.

Ichunguzwe kilichomwezesha mwalimu kujibu. Hakuulizwa "anwani ya kompyuta", swali ambalo lingekuwa na majibu mawili. Aliulizwa anwani ya kadi ya ndani. Hakuambiwa kwamba kompyuta "haikugawiwa", kauli ambayo ingemfanya amtafute aliyenyima. Aliambiwa haikuazima, naye akaelewa kwamba mwazimishaji hakusikika. Dalili nyingine zaweza kusomwa kwa njia iyo hiyo. Anwani ikiwa sahihi na kurasa hazifunguki, lango lichunguzwe. Baadhi ya kompyuta zikipata anwani na nyingine zikakosa, huenda akiba imekwisha. Anwani zikiwa za ukoo usiojulikana, yupo mwazimishaji mwingine chumbani, mara nyingi ruta ndogo iliyoletwa na mtu kwa nia njema.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kueleza DHCP kwa Kiswahili kunawezekana pasipo kuunda msamiati mwingi mpya. Maneno anwani, kadi, lango, akiba, alama na kuazima tayari yamo katika lugha. Kinachohitajika ni kuyapima kwa uhusiano yanaoubeba: nani mwenye kitu, nani mwombaji, kitu kinarudi au hakirudi, na kwa muda gani.

Wanafunzi wa Kiswahili vyuoni huhisi mara nyingi kwamba masuala ya mitandao ni ya idara nyingine. Hisia hiyo inafaa kuangaliwa upya. Mhandisi anajua anwani inavyotoka akibani na kurudi, lakini tofauti kati ya kukopa na kuazima ni kazi ya mwanaisimu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Raia wa nchi hizo tatu wamekuwa wakikaa darasa moja Kakuma kabla ya mikataba hiyo kutiwa saini, na wengi wao husikilizana kwa Kiswahili. Lugha hiyo ikiwapa maneno yaliyonyooka, kijana wa Kakuma ataweza kukirekebisha chumba chake mwenyewe usiku ule ule wa mwisho wa kutuma maombi, bila kumngoja fundi asafiri kilomita 120 kutoka Lodwar.